Novemba yetu ni ya kupanda, si ya majani kupukutika

Ijumaa jioni mtoto wa kaka yangu alinifuata jikoni na karatasi mkononi. Ana miaka mitano, yuko chekechea hapa hapa Mbeya mjini, shule nisiyoitaja. Karatasi ina mti mmoja mkubwa, juu pameandikwa Novemba kwa Kiingereza, na alitakiwa apake rangi majani yanayoanguka: nyekundu, njano, kahawia. Yeye alipaka kijani. Mti mzima kijani, na pembeni akachora vistari vya mvua. Amewekewa kosa la wino mwekundu, kubwa kama mti wenyewe.

"Shangazi, mparachichi wa bibi una majani ya rangi gani?"

Nikamwambia, ya kijani.

"Sasa mbona nimekosa?"

Nafundisha awali mwaka wa 11 sasa, na sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwambia hujakosa, mwanangu. Alifanya kile kile tunachoomba kila mtoto wa umri wake afanye: aliangalia nje, akachora alichokiona. Tukampa kosa. Mtoto wa miaka mitano akishakosolewa kwa kutazama, mara ya pili hatazami tena, anasubiri aambiwe.

Mpango wa mwezi kwa mwezi ilikotoka karatasi hiyo naujua, umezagaa. Unapakuliwa kwenye intaneti, unachapwa kwa rangi, unabandikwa ukutani: Januari mtu wa theluji, Aprili maua na vifaranga, Julai jua na ufukwe, Oktoba na Novemba majani yanayopukutika. Mwalimu wa Marekani au Uingereza aliuandaa kwa ajili ya watoto wake, na kwake ni mpango mzuri kabisa, kwa sababu akifungua dirisha anaviona vyote. Sisi tukifungua dirisha Januari tunaona mahindi yaliyofika magotini, na tope. Julai, mwezi tuliobandika watoto wenye nguo za kuogelea, wa kwetu wanaingia darasani na masweta mawili mawili, vidole vimekufa ganzi hata penseli haishikiki. Tuko kusini mwa ikweta. Jua likiwa kwao, huku ni baridi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni yale majani mekundu. Majani mekundu tunayo! Panda barabara ya Chunya mwezi wa tisa au wa kumi, au pita kwenye miombo ya Iringa, utakuta miti imewaka wekundu na rangi ya shaba wakati mvua haijadondoka hata tone. Yale si majani yanayokufa. Ni majani machanga. Miombo huchipua kabla ya mvua, jani linatoka jekundu, likikomaa linageuka kijani. Kwa mtoto wa nyanda za juu kusini, mti mwekundu maana yake mvua iko njiani na majembe yatafutwe. Karatasi ile inamwambia kwamba mti mwekundu ni mwisho wa mwaka wa mmea. Inamfundisha kuisoma nchi yake kinyumenyume, na ikifika darasa la nne tunashangaa kwa nini sayansi haimwingii.

Na tusiwasingizie wageni peke yao. Chati zetu wenyewe, za Kiswahili, zinazotundikwa madarasani huku, zina vuli na masika. Vuli Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Hiyo ni mvua ya pwani na kaskazini, ya Tanga na Arusha. Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe mvua yetu ni moja, inaanza Novemba na kuishia Aprili, pengine inaingia Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaitolea utabiri wake pekee, inaiita mvua za msimu. Nimemsikia mtoto wa Igurusi, kwenye bonde la Usangu, akikariri kwamba Mei ni mwezi wa mvua kubwa, na wazazi wake wiki hiyo hiyo walikuwa wanavuna mpunga juani.

Mimi mpango wangu wa mwaka hautoki dukani. Kwenye kikao cha wazazi cha Januari nauliza swali moja tu: nyumbani mnafanya nini mwezi kwa mwezi? Naandika wanachosema. Mwaka wa kwanza baba mmoja alidhani nataka kujua hali yake ya uchumi, akanuna. Siku hizi wanashindana kunijibu.

Tunafungua shule katikati ya mvua, kwa hiyo tunaanza na mvua. Kila siku iliyonyesha, mtoto wa zamu anatia harage moja kwenye chupa. Isiponyesha anatia punje ya hindi kwenye chupa ya pili. Mwisho wa mwezi tunamimina zote sakafuni, tunapanga, tunahesabu, tunasema ipi zaidi na ipi pungufu. Maharage hayo hayo tunayaotesha kwenye kopo. Februari yanatoka siku ya tano. Tukirudia Julai, mwaka jana tulingoja hadi siku ya kumi, na watoto walikwisha kata tamaa wakataka kuyafukua. Hapo ndipo waliponiuliza wenyewe kama mbegu nayo inasikia baridi. Swali kama hilo hulipati kwa kumbandika mtu wa theluji wa pamba ukutani.

Juni ndio mwezi wangu. Mahindi yamekauka, nyumba nyingi wanapukuchua, na kila mtoto anaweza kuleta hindi moja bila mzazi kutoa senti. Mwaka juzi niliwaambia waweke alama ya mkaa kwenye mstari mmoja wa punje, kisha wahesabu mistari kulizunguka hindi mpaka warudi kwenye mkaa. Mmoja akapata 12, mwingine 14, mwingine 16. Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye tangu Januari alikuwa hajaniambia neno zaidi ya "shikamoo mwalimu". Alikaa sakafuni, hindi limebanwa katikati ya magoti, kidole gumba kimeganda kwenye alama ya mkaa kimekuwa cheusi, midomo inachezacheza bila sauti. Akainua kichwa.

"Mwalimu, mistari inakaa miwili miwili."

Tukarudia mahindi yote, 32. Hakuna hata moja lililobaki na mstari usio na mwenzake. Na ndivyo ilivyo: punje za mahindi hujipanga jozi jozi tangu hindi likiwa changa, kwa hiyo idadi ya mistari huwa shufwa. Watoto wa awali waliifikia namba shufwa kwa vidole vyao kabla ya kulisikia jina lake. Tulipomaliza tulipukuchua, tukapima kwa kopo, magunzi yakawa matofali ya nyumba, maganda yakawa wanasesere. Wiki mbili nzima, na yule mtoto kuanzia siku hiyo aliongea.

Julai baridi tunaitumia yenyewe. Wanaotaka kuwaonyesha watoto weupe wa baridi wasihangaike na pamba, sakitu ipo. Mama mmoja aliyezaliwa Makete alikuja darasani akaeleza jinsi nyasi zinavyoamka nyeupe asubuhi na jinsi majani ya viazi yanavyoungua kana kwamba yamepitiwa na moto. Watoto walimkodolea macho: baridi inaunguza? Agosti ni Nanenane, maonyesho ya wakulima, uwanja wa John Mwakangale uko hapa hapa, ng'ombe na matrekta vinaonekana kwa macho. Septemba na Oktoba ni upepo na vumbi, miezi ya tiara. Novemba ni harufu ya udongo, kumbikumbi, mbegu, na maembe ya Kyela yanaanza kupanda mlima kuja kwetu. Huwezi kukosa cha kufundisha.

Wala usiuchukue mpango wangu ukaunakili. Mwalimu wa Tukuyu, ambako hata Juni manyunyu hayakatiki vizuri, akihesabu siku za mvua kwa chupa zangu atapata hadithi nyingine kabisa na ya Usangu. Aulize wazazi wake.

Najua nitakachojibiwa. Mwalimu ana watoto 70 na mshahara mmoja, karatasi iliyokwisha chorwa inamwokolea usiku. Ni kweli, nimepita huko. Wazazi wa shule za kulipia nao wanataka kuona ukuta wenye rangi. Hilo pia nalikubali, japo kwa shingo upande, maana ukuta wenye magunzi na majani halisi una rangi zake. Na mtoto ana haki ya kujua theluji. Msimulie, mwonyeshe picha, mwambie iko mbali na watoto wa huko wanaicheza. Ninachokataa ni kumwambia kwamba huo ndio mwezi wake. Tangu sera ya elimu ya 2014 ilipofanya mwaka wa awali kuwa wa lazima, mwaka huo ni wa kila mtoto, hata wa kijijini asiye na kalamu za rangi, na mtaala wenyewe unataka ajifunze kwa michezo na kwa yanayomzunguka. Yanayomzunguka ni haya.

Jumatatu nilipita shuleni kwake kabla ya kengele. Mwalimu wake ni binti mdogo, amemaliza chuo juzi juzi, aliniamkia kwa adabu akanipa kiti. Nikamwonyesha karatasi. Aliitazama muda mrefu.

"Mwalimu, hizi karatasi zinakuja na majibu yake," akaniambia. "Mimi nasahihisha kwa kufuata majibu."

Sikumgombeza. Tukatoka nje pamoja tukasimama barazani, mlima Loleza ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka kiunoni, na ua wa shule ulikuwa umeanza kuota majani. Akacheka kidogo, akachukua kalamu yake, akaandika vema juu ya lile kosa. Ameniomba nimpitishie daftari langu la miezi, nimemwahidi kulipeleka Alhamisi.

Jumamosi tunapanda mahindi kwa bibi. Mtoto ameshasema karatasi yake ataibeba, akasimame nayo chini ya mparachichi avilinganishe.