Chui watatu ni kundi gani?

Kitabu cha uwindaji kilichopigwa chapa mwaka 1486 mjini St Albans, Uingereza, kina orodha ya majina ya makundi ya wanyama. Chui wamo, na neno lao maana yake ni mruko. Ajabu ni kwamba chui haishi kikundi. Dume na jike huwa pamoja siku chache tu za kupandana. Watoto, mara nyingi wawili au watatu, hufuatana na mama mwaka mmoja na nusu hadi miwili, kisha hutawanyika.

Je, Kiswahili nacho kimtafutie chui jina la kundi, kama nyuki walivyo na bumba?

Wanaosema ndiyo wana hoja. Uingereza ya 1486 haikuwa na chui porini, na orodha ile ina hata makundi ya watu yaliyotajwa kwa utani; kwa hiyo jina halikungoja kundi lionekane. Tena wapweke hukutana. Duma jike hutembea peke yake, lakini madume huungana. Maasai Mara iliwahi kuwa na watano walioitwa Tano Bora. (Hilo ni jina lao wenyewe, na lilitosha.)

Kinachokwamisha ni sarufi. Ukiandika "mruko wa chui", msomaji anamwona chui mmoja akiruka, kwa kuwa nomino iliyozaliwa na kitenzi mara nyingi humfanya mnyama anayeifuata kuwa mtendaji. Bumba la nyuki na wingu la nzige havina mtego huo: ni vitu, si vitendo. Upatanisho nao una lake. "Kundi la chui limelala" ni sahihi, ila limeficha idadi, na idadi ndiyo habari yenyewe pale wanapoonekana zaidi ya mmoja.

Kwa nzige wa jangwani nakubali kushindwa. Akiwa mmoja mmoja huwakwepa wenzake na huruka usiku. Chakula kikipungua wakabanana, kugusanagusana miguu ya nyuma hubadili tabia yao ndani ya saa chache. Rangi hufuata baadaye. Kilomita moja ya mraba ya kundi lao yaweza kubeba nzige milioni 40 hadi 80. Hapo "wingu la nzige" si pambo. Linamwambia mkulima kwamba mdudu yule yule sasa ana mwenendo mwingine.

Chui hana badiliko la namna hiyo. Andika "chui jike na wanawe wawili". Wakiwa madume wawili, taja walichokuwa wakigombania.