Nani atamlipa mwenyeji wa kachero?

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ujiji kuna kisa kinachofufuka kila habari ya wizi wa ziwani inapozuka. Nimekisikia mara mbili, kila msimuliaji na namna yake. Kijana alishuka mwaloni na begi moja na sindano ya kushonea nyavu. Wa kwanza anasema alitokea Mpanda, wa pili anasema Kasulu. Nahodha mmoja akampokea, akampa chumba cha uani, na baada ya wiki mbili kambi nzima ikawa inamwita fundi. Alianika nao dagaa, alicheza nao bao, na mama mzazi wa nahodha alipofariki alishika jeneza, akatoa na rambirambi. Halafu usiku mmoja likaja karandinga. Wakazolewa vijana watano, na fundi hakuonekana tena mpaka siku ya kesi, alipopanda kizimbani cha mashahidi na kuapa kwa jina ambalo mwaloni hakuna aliyewahi kulisikia.

Sidai kwamba kisa ni cha kweli. Vijiwe vina chumvi yake. Kilichonibaki kichwani ni kwamba mzee aliyenisimulia mara ya pili hakujali sana kama wale vijana walikuwa wezi. Alisogeza kikombe chake, akauliza: "Ile elfu ishirini ya rambirambi, ilikuwa yake au ya serikali?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaondoka nalo lile swali.

Tuanze na upande wa kachero, yaani askari aliyejifanya fundi, kwa sababu ndio upande ambao sisi wa vijiweni huwa hatuupi nafasi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Boti inakaa peke yake majini, inang'aa kama duka. Mwizi haihitaji ramani. Anakuja taa zake zimezimwa, anakumulika tochi usoni, anang'oa injini, anabeba nyavu, anakuacha unaelea na chombo kisicho na nguvu. Ziwa lenyewe ni la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na upana wake kwa wastani ni kilomita 50 tu. Jua likichomoza, injini yako huenda tayari iko ng'ambo inasukuma boti ya mtu mwingine.

Unafika kituoni, unaulizwa: uliwatambua? Hapo ndipo kesi nyingi za usiku zinapofia. Tangu hukumu ya mwaka 1980 katika kesi ya mtu aliyeitwa Waziri Amani, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko unavyoonekana, na hauwezi kumtia mtu hatiani mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umefungwa. Shahidi alimtazama kwa muda gani? Kwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga wa aina gani? Alimjua kabla? Mtu aliyemulikwa tochi machoni kwa dakika mbili katikati ya ziwa atajibu nini? Na mahakama ina haki kuwa kali, maana unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana na kifungo chake hakipungui miaka 30. Hatuwezi kumpeleka mtu huko kwa sababu sauti yake ilifanana na ya mtu fulani.

Ila wezi nao wanaijua sheria hiyo, pengine kuliko walioibiwa. Kwa hiyo ushahidi unaobaki uko nchi kavu: nani alitoa habari kwamba boti ile imefungwa injini mpya, nani aliipokea, nani alifuta namba zake. Mambo hayo yanajulikana mwaloni, lakini hayasemwi. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, watu waliishi kwa akiba na kwa kukopa. Katika majira kama hayo, mtu anayenunua nyama kila siku anaonekana na mwalo mzima. Kuonekana si ushahidi, hata hivyo. Na nani atakwenda kusema, wakati dada yake ameolewa na yule yule, na watoto wao wanasoma dawati moja?

Kwa hiyo mtetezi wa kachero ana hoja nzito. Anasema: huu udugu wa mwaloni mnaousifu, kwamba ninyi ni "familia moja", ndio ukuta ambao mwizi amejificha nyuma yake. Na aliyeibiwa naye ni wa familia hiyo hiyo. Mbona umoja wenu haukumlinda? Sijasikia jibu zuri la hoja hiyo, na mimi sina.

Ana hoja ya pili, na kwangu hii ndiyo kubwa zaidi. Usipotumia mtu mmoja anayejua anachokitafuta, utatumia mia wasiojua. Kigoma tunalijua hilo. Mwaka 2013 ulikuwa mwaka wa operesheni. Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma ikitafuta wahamiaji haramu, na katika mkoa ambao Muha na Mrundi wanaweza kusalimiana kila mtu kwa lugha yake na wakaelewana, unaweza kukisia ilivyokuwa kumtofautisha mwananchi na mgeni kwa kusikiliza lafudhi. Mwezi Oktoba mwaka huo huo ikaja Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Lengo lake lilikuwa la haki, maana tembo walikuwa wanakwisha: hesabu ya mwaka 2009 ilikuwa imetoa zaidi ya 109,000 nchini, ya 2014 ikatoa kama 43,000. Lakini malalamiko ya vipigo, mateso, vifo na mifugo kuuawa yalikuwa mengi hata ikasimamishwa baada ya wiki chache, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Ukiniuliza nichague kati ya fundi nyavu mmoja mwongo na malori kumi ya askari wanaobomoa milango saa nane usiku, sihitaji kufikiri muda mrefu.

Hapo wengi huishia, wakidhani hesabu imefungwa. Haijafungwa, maana kuna deni ambalo halijaandikwa popote.

Kachero hakai kwenye kundi kama mtu anayekaa stendi akisoma gazeti. Ili aaminiwe lazima afanye mambo ya kuaminika, na mambo ya kuaminika ni yale yale yanayotufanya tuwe watu: kuzika, kuchangia, kumlea mtoto wa mwenzio ukiwa safarini. Uingereza imelipa gharama ya jambo hili hadharani. Askari aitwaye Mark Kennedy aliishi kati ya wanaharakati wa mazingira kuanzia 2003 hadi 2010 kwa jina la Mark Stone, nywele ndefu na michoro mwilini. Mwaka 2011 hukumu za watu 20 waliotiwa hatiani kwa mpango wa kuvamia kituo cha umeme cha Ratcliffe-on-Soar zilifutwa, kwa kuwa rekodi alizozichukua kwa siri hazikuwa zimepelekwa kwa upande wa utetezi. Miaka minne baadaye polisi wa London waliwaomba radhi wanawake saba waliokuwa wameishi kimapenzi na makachero bila kujua ni makachero, Kennedy akiwa mmoja wa makachero hao. Wapo waliokaa na mtu huyo huyo miaka na miaka, wakipanga naye maisha. Na kumbuka, hao walikuwa wanaharakati, si majambazi. Chombo ulichokinoa kwa ajili ya jambazi hakikatai kumkata mtu ambaye kosa lake ni kubishana na serikali. Wenzetu wenye hofu ya mashushushu kwenye mikutano ya siasa hawajaota ndoto za mchana.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Marekani. Joseph Pistone, askari wa FBI, alijiingiza kwenye ukoo wa kihalifu wa Bonanno, New York, kuanzia 1976 hadi 1981, akijiita Donnie Brasco, mwizi wa vito. Kazi yake ilizaa zaidi ya hukumu 100. Huo ndio upande unaosimuliwa. Upande mwingine ni kwamba kwenye makundi ya namna ile hakuna anayeingia bila mtu kusema "huyu ni wangu." Mmoja wa wakubwa waliomkumbatia alikuwa Dominick Napolitano. Siri ilipofichuka mwaka 1981, wenzake walimuua, na mwili wake ulipopatikana mwaka uliofuata ulikuwa hauna viganja. Alikuwa jambazi, na sijakaa hapa kumlilia. Lakini angalia aliuawa kwa kosa gani. Kosa lake lilikuwa kupokea mgeni.

Sasa rudi mwaloni, kwa yule nahodha. Yeye hakuwa jambazi, angalau si katika toleo lolote nililosikia. Alimwona kijana hana pa kulala, akampa chumba. Huku kwetu mgeni hupokewa na mtu. Ndiye anayempeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, ndiye anayemtambulisha kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, pale mwaloni, ndiye anayesema kwa tajiri "mpe kazi, nikiwepo mimi hakuna tabu." Neno hilo ni dhamana isiyo na karatasi. Kwa dhamana kama hiyo mama lishe anakukopesha ugali wiki nzima, na muuza mafuta anakujazia dumu ulipe ukirudi na dagaa. Kachero alilitumia neno la nahodha, akaliacha likiwa limeisha thamani.

Baada ya kesi, ndugu wa wale watano hawawezi kumfikia askari. Wanamjua nahodha. Watoto wa nahodha wanaitwa watoto wa mchomaji. Injini yake ikikutwa imetiwa mchanga asubuhi, nani atahangaika? Tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na ni jambo jema. Ila yeye hakutoa taarifa yoyote wala hakuitwa kutoa ushahidi. Alitoa chumba.

Niliwahi kumweka hoja hii mbele ya jamaa yangu aliyewahi kuwa askari kanzu, tukiwa tunasubiri treni stesheni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Shemeji, ukimwambia mwenyeji, umemwambia mke wake. Ukimwambia mke wake, umeuambia mwalo." Sina ubishi naye. Kumwambia mapema ni kumtia kitanzi kachero. Lakini hilo linahusu kabla. Baada ya kesi kuna siri gani iliyobaki? Mkuu wa upelelezi anashindwa nini kuja kwenye mkutano wa kijiji, na sare yake, akasema mbele ya watu kwamba fulani alidanganywa kama ninyi nyote? Jamaa yangu alikaa kimya, halafu akasema hajawahi kuona ikifanyika. Hakusema haiwezekani.

Kuna na jambo la mahakamani ambalo linanisumbua kidogo. Mtu akiwa chini ya ulinzi, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aonywe kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakayoyasema yanaweza kutumika dhidi yake. Kando ya moto wa kukaushia samaki hakuna onyo. Wakili wa serikali atasema, na kwa haki, kwamba pale mtu hakuwa chini ya ulinzi, alijisemea mwenyewe kwa hiari. Sawa. Ila vijana wakinywa husema mengi, na nusu yake ni majigambo. Nimewahi kumsikia mvuvi akiapa kwamba alipigana na mamba akamshinda. Ndiyo maana mimi ningetaka maneno ya moto yasindikizwe na kitu kinachoshikika: injini yenyewe, namba yake, risiti, simu. Na ningetaka hakimu aulize jambo moja kabla ya yote: nani alisema kwanza "tukaibe"? Kama ni fundi nyavu, basi serikali imepanda mbegu halafu ikaja kuvuna.

Kwa hiyo niko wapi? Niko upande wa kumtuma, kwa shingo upande. Atumwe kwa kosa linalojulikana, si kwa kundi ambalo mkubwa fulani halipendi. Awe na tarehe ya kuondoka, kwa sababu kachero asiye na tarehe huanza kuoa. Mapenzi yasiwe zana ya kazi, hapo sina mjadala. Na gharama za kumsafisha mwenyeji ziingizwe kwenye bajeti ya operesheni pamoja na mafuta ya gari na posho.

Wapo watakaosema nahangaikia mtu mmoja ilhali mialo yote kuanzia Kibirizi mpaka Katonga inataka kulala usingizi. Huenda. Lakini mgeni anayefuata, mpiga nyavu halisi asiye na kitu, atashuka na begi lake na kukuta milango imefungwa. Katika mji ulio mwisho wa reli, ambao nusu ya historia yake ni watu waliofika bila kujulikana wakapokewa, hiyo nayo ni hasara, ingawa haitaingia kwenye ripoti ya mkoa.

Kuhusu ile rambirambi, nilimuuliza yule mzee ilikuwaje. Alisema daftari la msiba bado lipo nyumbani kwa nahodha, na jina la uongo limo kwa wino wa bluu, elfu ishirini, imelipwa. Mke wa nahodha alitaka kulifuta. Mumewe akakataa. Alisema rambirambi ni deni, na siku mama wa yule kijana akifariki, wao watatakiwa kwenda. Tatizo lake ni kwamba hajui aende wapi, wala amuulizie kwa jina gani.