Mavazi Haya Yanataka Tarumbeta

Wazazi wengi ninaowaona kwenye mlango wa tamasha la mashabiki wa katuni na michezo ya kompyuta hapa Nairobi wana swali moja, wengine wanalisema, wengine unalisoma machoni: mambo haya yametoka wapi? Binti wa mmoja wao amevaa wigi la zambarau, upanga wa sponji uko mgongoni, viatu vimefunikwa magamba ya dhahabu, na mbele yake kuna foleni ndefu ya vijana wa namna hiyohiyo. Jibu wanalopewa huwa ni Japani, au Marekani. Mimi nimelelewa Mombasa, na jibu hilo halinitoshi.

Sikatai kwamba kosplei, yaani kuvaa na kuwa mhusika wa katuni, filamu au mchezo wa kompyuta kwa siku nzima, ina historia yake ughaibuni. Mwaka 1939, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki wa hadithi za kisayansi mjini New York, Forrest J Ackerman alitokea amevaa joho la watu wa karne zijazo. Pembeni yake alikuwa mwenzake, mwanamke aliyejulikana kama Morojo, na huyo Morojo ndiye aliyeshona mavazi ya wote wawili. Kwa miaka mingi sifa zilimwendea mwanamume, fundi akasahauliwa, ndiyo maana namtaja hapa. Wajapani nao walianzisha Comiket, soko la vibonzo vinavyotungwa na mashabiki, mwaka 1975, na tangu 2003 Nagoya imekuwa na mkutano wa dunia wa kosplei. Sisi leo tuna NAICCON, kongamano la vibonzo la Nairobi, na matamasha mengine madogo yaliyozaliwa kando yake.

Lakini kuvaa mavazi ya mtu mwingine, ukajipa cheo chake, ukatembea kwa maringo mbele ya umati huku bendi inapiga, hayo pwani yetu iliyafanya kabla babu zetu hawajazaliwa. Iliitwa beni. Ilianza kwenye miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19. Watu walijiunga na vyama vya ngoma, wakashona sare za kijeshi na za wanamaji, wakajitundika nishani kifuani, wakagawana vyeo kuanzia mfalme na jenerali kushuka chini, wanawake nao wakiwa na vyeo vyao. Mombasa ilikuwa na Kingi na Sikochi, vyama vilivyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, askari na wapagazi waliibeba ngoma hiyo wakaisambaza bara. Tanganyika ikagawanyika kati ya vyama vya Marini na Arinoti, na mawimbi yake yakafika Nyasaland, Malawi ya leo, na hadi migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo, ambako ngoma ya kalela iliota kwenye shina hilo.

Na walikuwa wanawaiga nani? Wazungu. Admirali wa Kiingereza, askari wa Kiskoti, jemadari wa Kijerumani. Serikali za kikoloni ziliwatilia shaka, wamisionari hawakuipenda ngoma ile, na wapo wazee wa mtaani waliolalamikia gharama. Hata hivyo watu wale hawakuwa wanajidharau. Walichukua umbo la mwenye nguvu, wakalishona upya kwa mikono yao, wakalichezesha kwa mdundo wao, na mashairi waliyoimba yalikuwa ya Kiswahili, yamejaa mafumbo ya kuwachoma washindani wao. Kwa hiyo mtu anaponiambia kijana wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi aliyejivika mavazi ya samurai amepotea njia, simwelewi. Kuiga cha mbali kwa ustadi mpaka kikawa chako ni kazi tuliyoifanya zamani, tena hadharani.

Mwaka huu nilikwenda na binti wa kaka yangu. Alikuwa na deraya ya mabega na kifua aliyoitengeneza kwa mikeka ya sponji, ile ya vipande vya rangi ambayo watoto hupanga sakafuni. Alichora ramani yake kwenye gazeti kuukuu, akakata kwa kisu cha karatasi, akapinda kila kipande kwa joto la draya ya nywele mpaka kikachukua mviringo wa bega, kisha akaunganisha kwa gundi ya mafundi viatu. Gundi ile inataka subira. Unapaka pande zote mbili, unaziacha mpaka ukigusa haikushiki kidole, ndipo unabana, na ukishabana umebana, hakuna kurekebisha. Juu yake akapaka gundi nyeupe ya mbao tabaka kwa tabaka ili sponji isinywe rangi. Halafu rangi ya kunyunyizia, nyeusi kwanza, na mwisho rangi ya fedha aliyoipitisha kwa kitambaa kikavu kwenye kingo tu, ili chuma kionekane kimechubuka vitani. Ukisimama hatua tatu mbali, ungeapa ni chuma. Taa ndogo za kifuani alizinunua Luthuli Avenue. Joho lilikuwa pazia la mtumba kutoka soko la Gikomba, ambalo alilikata, akalipinda, akalitia bitana ya hariri bandia.

"Shangazi, usinikumbatie," aliniambia asubuhi hiyo, "bega la kushoto bado halijashika."

Huyo ni fundi. Ametumia hesabu, ushonaji, uchongaji, umeme na rangi katika kitu kimoja, na hakuna mwalimu aliyempa alama hata moja kwa kazi hiyo.

Lakini hakutoka nyumbani amelivaa vazi hilo. Deraya ilisafiri kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, joho kwenye mkoba, na yeye mwenyewe amevaa dera. Ndivyo wanavyosafiri karibu wasichana wote wanaokwenda kwenye matamasha haya. Wanabadilisha nguo chooni, mmoja anamshikia mwenzake mlango, kisha jioni wanavua tena kabla ya kupanda matatu. Ukiishi Nairobi huhitaji kuelezwa kwa nini. Novemba 2014 wanawake waliandamana katikati ya jiji kudai haki ya kuvaa watakavyo, baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na genge la wanaume kituoni mwa matatu. Binti zetu wamekua na habari ile. Wanajua kwamba ndani ya ukumbi wao ni majemadari, na hatua chache nje ya geti mtu anaweza kujipa ruhusa ya kuwagusa. Hata ndani ya ukumbi yafaa kukumbushana: ukitaka kumpiga mtu picha, omba kwanza, na wigi la mtu halishikwi bila idhini. New York Comic Con ilitundika mabango ya onyo hilo mwaka huohuo wa 2014. Yetu nayo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mlangoni.

Ukumbini kulikuwa na vibanda vya michoro, stika, fulana na michezo ya kompyuta. Nilinunua michoro miwili kutoka kwa kijana anayechora majini wa Kilifi. Sitakaa sana hapo, kwa sababu kilichonileta ni jukwaa, na jukwaa ndilo linaloniudhi na kunifurahisha kuliko yote.

Mashindano ya mavazi huendeshwa hivi, na sisemi tamasha moja tu, nimeyaona hivyo mara kwa mara. Mshiriki anaitwa jina. Muziki wa kurekodiwa unawashwa, mara nyingi unaanza kwa kuchelewa na kukatwa katikati. Anapanda, anasimama mikao mitatu, anashuka. Miezi ya kukata na kubandika inaisha kabla hujamaliza kuangalia viatu. Hakuna anayemuuliza ametengenezaje. Kisha mavazi yakimalizika, ndipo bendi inapopewa zamu yake, kana kwamba ni watu wa shughuli nyingine waliokodi ukumbi uleule. Wenye mavazi wakati huo wamekwenda kutafuta chipsi.

Safari hii ratiba ilivurugika. Mashindano yalichelewa, bendi ikaanza kupiga washiriki wakiwa bado wamepanga foleni kando ya jukwaa, wamevaa kila kitu. Bendi yenyewe ilikuwa ya watu wanne: kinanda, gitaa, besi na drams. Walipiga wimbo wa kufungulia anime, yaani katuni ya Kijapani, moja maarufu, na ukumbi mzima ukaimba kwa Kijapani, neno kwa neno, watoto ambao hawajawahi kuvuka Mtito Andei, katikati ya njia ya Mombasa. Halafu kiitikio kilipokaribia kwisha, yule wa drams akaugeuza mdundo. Sikuamini masikio yangu kwanza. Ilikuwa chakacha, ngoma yetu ya pwani. Besi akamfuata, mwenye kinanda akacheka akashika njia ileile, na wimbo wa Kijapani ukaanza kukatika kiuno.

Foleni ikavunjika. Samurai, wachawi, roboti lenye kichwa cha boksi, malaika mwenye mbawa za waya zilizobidi zipite upandeupande, wote wakateremka kati ya watu. Binti yetu alicheza na mikono juu, na lile bega la kushoto likaachia upande mmoja likawa linapigapiga kwa mdundo. Hakusimama kulishika. Mama mmoja wa makamo, aliyekuja kumsindikiza mwanawe na tangu asubuhi alikuwa amekaa na mkoba mapajani, aliinuka, akaenda moja kwa moja hadi kwa mwenye kinanda, akamtunza noti ya mia mbili. Alimtunza kama tunavyotunza kwenye taarabu, kwa madaha, akarudi anacheza. Hapo ndipo mavazi yote yalipopata uhai. Deraya niliyoiona ikitengenezwa wiki nzima mezani nilikuwa sijaijua hadi nilipoiona ikicheza.

Baada ya wimbo huo bendi iliambiwa muda wake umekwisha, na muziki wa kurekodiwa ukarudi.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo tangu siku hiyo. Kwenye beni hakukuwa na saa ya mavazi na saa ya muziki. Sare ilishonwa ili itembee nyuma ya tarumbeta, na tarumbeta ilipulizwa ili sare ionekane. Ukienda Zanzibar leo ukaikuta beni ya harusi, bado utaona hivyo: wapulizaji mbele, ngoma kubwa inavuma, wanawake wanaitikia, na mtaa mzima unasogea pamoja nao. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar lililoanza 2004, hufunguliwa kwa gwaride la namna hiyo katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Hata Marekani, mashabiki wa hadithi za kisayansi wana mila yao ya miaka mingi ya kukaa duara usiku wa mkutano, kila mmoja akiimba kwa zamu wimbo aliotunga kuhusu hadithi anazozipenda. Mashabiki wanaopenda kitu kweli huishia kukiimba.

Basi ninaloomba kwa waandaaji ni wazi. Bendi ikae jukwaani tangu mshiriki wa kwanza wa mavazi mpaka wa mwisho, imsindikize kila mmoja. Wakutane naye wiki moja kabla, wajue mhusika wake ni nani na anatembeaje, roboti lipigiwe mdundo wake na malkia apigiwe wake. Majaji wamuulize kila mshiriki amekitengenezaje kile alichovaa, na ajibu kwenye maikrofoni, wote tusikie. Kuwe na meza ya fundi yenye gundi, sindano, uzi, pini na mkasi, kwa sababu mabega huachia. Na wanamuziki walipwe kabla ya kufungua masanduku yao ya vyombo. Kumwambia mpiga gitaa kwamba atafaidika kwa kujulikana ni kumdhulumu.

Halafu tutoke nje. Hili ndilo ninalolitaka kuliko yote. Jumamosi mchana, saa nzima, mavazi yote yaandamane barabarani yakiongozwa na tarumbeta, wazazi pembeni, na wavulana na wasichana wakiwa wamevaa tangu nyumbani. Msichana anayeogopa kupita peke yake kituoni akiwa na deraya hataogopa akiwa katikati ya watu mia tano na ngoma kubwa mbele yake. Mitaa huzoea kile inachokiona mara nyingi, na Mombasa ya Kingi na Sikochi ilizoea.

Wapulizaji tunao. Jeshi la Wokovu lina bendi za tarumbeta jijini hapa, shule kadhaa zinazo, na mafundi wa beni wa pwani wanapanda treni kama watu wengine. Kibali nacho si mlima: sheria ya utulivu wa umma inataka notisi ifike kituo cha polisi si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla ya maandamano, ikionyesha njia, saa na jina la anayesimamia. Kama kinachokosekana ni mtu wa kuandika jina lake kwenye barua hiyo, waandaaji waandike langu.