Tokata ya D minor: Bach alitunga, au Ringk alikosea jina?

Hata kama hujawahi kuingia kanisa lenye kinanda kikubwa cha mabomba, unaujua muziki huu. Mi-re-mi, kimya kifupi, kisha noti zinaporomoka hadi chini kama mtu aliyekosea ngazi gizani. Filamu za kutisha zimeutumia mpaka umechakaa. Ni mwanzo wa Toccata na Fuga ya D minor (tokata ni kazi ya kuonyesha wepesi wa vidole), nambari 565 katika BWV, yaani orodha ya kazi za mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach, na kwa watu wengi huo ndio Bach mwenyewe. Inashangaza basi kwamba hakuna karatasi hata moja ya mkono wa Bach yenye muziki huu.

Kilichopo ni nakala. Iko Berlin, kwenye maktaba ya taifa, na imewekewa alama P 595. Haina tarehe. Muziki umebanwa kwenye mistari miwili tu ya noti badala ya mitatu tuliyoizoea kwenye vitabu vya leo. Sehemu ya kupigwa kwa miguu imeonyeshwa kwa herufi "p" ndogo pale inapoanzia. Kwenye kichwa mnakili ameandika kwamba kazi ni ya J. S. Bach, kisha akajitaja mwenyewe kuwa ndiye aliyeinakili: Johannes Ringk. Nakala nyingine zote ni za baadaye sana. Kitabu cha kwanza kuuchapa kilitoka mwaka 1833, miaka 83 baada ya Bach kufariki. Kwa hiyo ushahidi wetu wote umesimama juu ya neno la mtu mmoja.

Kwa muda mrefu hakuna aliyelijali hilo. Mwaka 1981 Peter Williams, Mwingereza aliyeijua mno midundo na mabomba ya vinanda hivi, akaandika makala kuuliza kama kweli ni ya Bach. Hoja zake hazikuwa za kubahatisha. Mwanzoni mikono yote miwili inapiga kitu kilekile, mmoja oktavi moja juu ya mwingine, jambo ambalo Bach hana kawaida ya kulifanya kwenye kinanda. Inakuja fuga. (Haihusiani na kufuga kuku, ni neno la Kilatini la kukimbia. Sauti moja inatoa wazo, ya pili inalidaka, ya tatu inafuata, na zote zinaendelea kusema pamoja.) Kwa desturi sauti ya pili hujibu ngazi ya tano juu ya ile ya kwanza. Hapa inajibu kwenye ya nne. Baadaye miguu inaliingiza wazo peke yake, sauti nyingine zote zimenyamaza, kana kwamba wenzake wametoka nje kidogo. Na mwisho kabisa muziki unafunga kwa mwendo ule wa "Amina" wa nyimbo za kanisani, ila kwa kodi (noti zinazopigwa pamoja) za huzuni, wakati watunzi wengi wa enzi ile wangemalizia kwa kodi ya furaha hata wimbo ukiwa wa msiba.

Tena ukilisikiliza wazo lenyewe la fuga, mi-re-mi-do-mi-ti-mi-la, utaona noti moja inarudiwa baada ya kila nyingine. Mpiga fidla atakwambia hiyo ni kazi rahisi kwake: anaacha uzi mmoja wazi na kutembeza vidole kwenye mwingine. Ndipo Williams alipouliza kama hii haikuwa kazi ya fidla iliyohamishiwa kwenye kinanda, pengine na mtu mwingine kabisa. Mtafiti Rolf Dietrich Claus naye akaandika kitabu kizima mwaka 1995 kumtoa Bach kwenye kazi hii.

Upande wa pili una kichwa kigumu pia. Christoph Wolff, mmoja wa wanaoheshimika sana katika habari za Bach, aliliita suala zima tatizo lisilokuwepo. Bach aliajiriwa kuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Arnstadt, Ujerumani, mwaka 1703, akiwa na miaka 18. Kinanda hicho, anasema Wolff, kilikosa kwenye sehemu ya mikono mabomba ya futi 16, yale yanayoongeza sauti oktavi moja chini. Ukitaka uzito ambao kinanda hakina, utaupata wapi? Unapiga oktavi kwa mikono yako. Hoja iliyotumika kumfukuza Bach inageuka kuwa anwani yake.

Mimi hoja hiyo naipenda, lakini naiona tamu kupita kiasi. Ukishakubali kwamba Bach kijana angeweza kufanya lolote ambalo Bach mzee hakulifanya, hakuna kazi utakayoshindwa kumpa. Wanaokataa nao wana kasoro ileile kwa upande wao: wanaipima tokata hii kwa fuga za mtu mzima wa Leipzig, mji alikomalizia maisha yake, wakati kazi za hakika za ujana wake ni chache. Wasomaji wa mashairi ya kale ya pwani wanaujua mtego huu. Shairi likiwa la kale, zuri na halina mwenyewe, jina la Fumo Liyongo huwa karibu.

Ndiyo maana nadhani tungeacha kubishana kuhusu "Bach hufanya hivi" na "Bach hafanyi vile", tumuulize mnakili. Ringk alizaliwa mwaka 1717. Alikuwa mwanafunzi wa Johann Peter Kellner wa Thuringia, mtu aliyekusanya kazi za Bach kwa pupa, na baadaye akawa mpiga kinanda wa kanisa la Marienkirche, Berlin. Mwaka 1730, akiwa na miaka 12 au 13, alinakili kantata (kazi ya kuimbwa pamoja na ala) ya harusi ya Bach, BWV 202. Nakala hiyo ya mtoto ndiyo chanzo pekee cha kantata ile, na wataalamu wanaikubali kuwa ya Bach. Mkono huohuo tunauamini kwenye kantata. Tukiukataa kwenye tokata, tuna deni la kueleza kwa nini.

Lakini kuaminika si kutokosea. Minueti ya G, kipande kifupi cha mtindo wa dansi ya kale, ambayo kila mtoto anayejifunza piano huipiga imo kwenye daftari la Anna Magdalena, mke wa Bach, lililoanzishwa mwaka 1725. Daftari lilikuwa nyumbani kwa Bach, na bado minueti hiyo ni ya Christian Petzold. Ilichukua hadi miaka ya 1970 watu kuligundua hilo. Ikiwa karatasi ya sebuleni kwake imetupoteza, karatasi iliyopita kwa Kellner inaweza kutupoteza pia. Wapo hata wanaomshuku Kellner mwenyewe kuwa ndiye mtunzi.

Nikilazimishwa, naiacha kwa Bach, Bach wa miaka kama ishirini, mwenye haraka na anayependa kishindo. Ila kwenye karatasi za ratiba ya tamasha ningependa jina la Bach lionekane na la Ringk chini yake.

Na kama ubishi huu utaisha siku moja, nadhani utaishia kwenye kabati la maktaba. Mwaka 2025 chaconne mbili za kinanda (vipande vinavyojengwa juu ya besi inayorudiwa) zisizo na jina la mtunzi, zilizohifadhiwa Brussels, ziliingizwa rasmi kwenye orodha ya kazi za Bach. Peter Wollny, mtafiti wa Bach, alikuwa akizishuku tangu miaka ya 1990, ila kilichomfungulia mlango ni kumtambua aliyezinakili, Salomon Günther John, kwa mwandiko wake. Kwa tokata yetu mwandiko tunaujua tayari. Kinachotafutwa ni karatasi iliyokuwa mbele ya Ringk siku alipokaa kunakili.