Beta-bloka na mafuta yanayogoma kuungua

Wakimbiaji wa mbio ndefu wanaomeza beta-bloka, yaani dawa za presha na moyo kama propranololi, atenololi na wenzao, hulalamika hivi: miguu inachoka mapema na kitambi hakiondoki. Wengi huambiwa ni uvivu au umri. Nadhani wanaonewa.

Kwa kawaida, ukikimbia saa moja na zaidi, homoni ya adrenalini hugusa vipokezi vya beta, yaani milango ya kupokea ishara zake, kwenye seli za mafuta. Mafuta huvunjwa kuwa asidi za mafuta, damu ikazipeleka kwenye misuli. Vipokezi hivyo ndivyo dawa inavyoviziba. Misuli inabaki kuitegemea zaidi glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, ambayo akiba yake mwilini ni takriban gramu 500 tu, na ikiisha, hata kupanda kilima kidogo ni adhabu. Propranololi ndiyo yenye makali zaidi kwa kuwa inaziba aina mbili za vipokezi hivyo, beta-1 na beta-2, kwa pamoja. Katika zoezi refu hata sukari ya damu inaweza kushuka mno. Bisoprololi na metoprololi, zinazolenga zaidi beta-1, zina nafuu, ingawa hazikosi athari.

Lakini kwa mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, habari ya kitambi haina uzito. Utafiti wa CIBIS-II wa mwaka 1999 ulionyesha bisoprololi ikipunguza vifo kwa takriban theluthi moja. Na wanaoitumia bado hupata stamina wakifanya mazoezi. Mwenye presha tupu, bila tatizo jingine la moyo, ana kesi tofauti: ana haki ya kumuuliza daktari kama amlodipini au losatani, dawa nyingine za presha zisizogusa vipokezi vya beta, zinamfaa.

Kinachonikera zaidi ni zile saa za mazoezi zinazosoma mapigo ya moyo na kuonyesha “eneo la kuchoma mafuta”. Mtu wa miaka 50 hupigiwa hesabu ya 220 kutoa umri, anapewa upeo wa mapigo 170 kwa dakika. Akiwa kwenye dawa, ambayo hupunguza mapigo, upeo wake halisi unaweza kuwa 130. Saa ikisoma 120 inamwambia ni zoezi la wastani tu, kumbe pumzi inamkatika. Afadhali ajipime kwa maongezi: akishindwa kumaliza sentensi, apunguze.

Kuna wanaoruka vidonge siku chache kabla ya mashindano ili wawe wepesi. Mwili uliozoea kuzibwa huwa umeongeza vipokezi. Dawa ikikatwa ghafla, adrenalini inavikuta vyote wazi, na matokeo yanaweza kuwa shambulio la moyo hata kabla ya siku ya mbio.