Fomu ya Kujieleza

Jumamosi iliyopita binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, alitoa kwenye begi karatasi yenye kichwa "Fomu ya Kujieleza". Mama yake hakusoma hata mstari wa pili. "Umefanya nini shuleni?" Ndivyo tulivyolelewa: kujieleza ni kazi ya aliyekosa. Ukichelewa kazini siku tatu unaambiwa uandike barua ya kujieleza, na hiyo barua haiulizi wewe ni nani, inauliza kwa nini usifukuzwe.

Kumbe safari hii hakuna kosa. Mwalimu wa unasihi anataka kila mwanafunzi aandike sentensi kumi zinazoanza na "Mimi ni". Mtoto alikuwa amekwama kwenye ya tano.

"Mjomba, niandike mimi ni mpole? Shuleni ni mpole kweli. Ila mama akiisoma atacheka."

Mama alikuwa keshaanza kucheka. Mimi sikucheka sana, maana wiki nzima nilikuwa nagombana na faili lililojieleza uongo.

Nafanya kazi na takwimu za mvua kwa ajili ya skimu za umwagiliaji. Sisi watu wa data, faili likiwa zuri tunalisifu kwamba linajieleza lenyewe: hata asiyemjua aliyelitengeneza, akilifungua miaka ishirini baadaye, atakuta mle ndani namba hizi ni za nini, zilipimwa wapi, lini, na kwa kipimo gani. Wanaastronomia wana la kwao tangu 1981, linaitwa FITS. Kichwa chake, yaani maelezo yanayotangulia namba, ni mistari ya herufi 80 inayosomeka kwa macho, na mstari wa kwanza kabisa ni SIMPLE = T, yaani faili linaanza kwa kuapa kwamba linafuata kanuni. Napenda sana kiapo hicho. Sijawahi kukutana na mtoto wa miaka kumi na mitano anayeweza kukila.

Hasara ya namba zisizojieleza inajulikana. Desemba 1998 NASA ilirusha chombo cha kwenda kuchunguza hali ya hewa ya Mars, Mars Climate Orbiter. Programu moja ya huku duniani ilikuwa ikitoa namba za msukumo wa injini ndogo za chombo kwa kipimo cha ratili; waliozipokea wakazisoma kwa kipimo cha newtoni. Namba zilipita uchi, bila neno pembeni la kusema ni za nini, na tofauti ilikuwa takriban mara 4.45. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilikaribia sayari kikiwa chini mno, yapata kilomita 57 badala ya zaidi ya 200, na hakikusikika tena.

Hapo wengi huishia, kwamba dawa ni kuandika maelezo. Faili langu lilikuwa na maelezo. Lilikuwa na kichwa kirefu, safi, kila kitu mahali pake. Kituo kimoja cha mvua kilileta namba za masika zikionyesha ukame, wakati mkulima niliyempigia alikuwa amesimama kwenye tope. Kipima mvua cha aina hiyo kina vikombe viwili vidogo vinavyokaa kama pembea: kimoja kikijaa kinapinduka, mwenzake anapanda, na mashine inahesabu pindo moja. Kichwa cha faili kilisema kila pindo ni milimita 0.2. Kwanza tulidhani buibui ametanda kwenye faneli, huwa inatokea. Mwishowe mlinzi wa kituo akafungua daftari lake la mazoezi, lile la kurasa 48, akanisomea kwa simu: tarehe fulani ya Machi, fundi kaleta chombo kipya. Chombo kipya kinapinduka kila baada ya milimita 0.5. Hakuna aliyegusa kichwa cha faili. Kwa hiyo milimita 50 za mvua zikaandikwa 20, na faili likawa linaapa kwa sifa za chombo kilichokwisha kung'olewa.

Hilo ndilo lililonijia mbele ya fomu ya yule mtoto.

Mchezo huu wa "mimi ni" si mgeni. Wamarekani wawili, Kuhn na McPartland, waliutoa mwaka 1954: mistari ishirini mitupu na swali moja, mimi ni nani. Mwaka 1977 Montemayor na Eisen wakawauliza watoto na vijana wa rika mbalimbali. Wadogo walijibu kwa anwani, rangi ya macho, michezo wanayoipenda. Wakubwa wakahamia kwenye tabia na imani. Kazi inayonigusa zaidi ni ya Susan Harter na Ann Monsour, 1992. Waliwapa vijana wa madarasa matatu nafasi ya kuandika sifa zao wakiwa na wazazi, na marafiki, darasani, na katika mapenzi, kisha wazipange kwenye duara na kuonyesha zipi zinagombana. Wa miaka kumi na mitatu hivi waliona migongano michache. Wa kumi na mitano ndio waliochora vita, wasichana kuliko wavulana. Maelezo ya Harter ni kwamba katika umri huo akili imeshaweza kuziweka sifa mbili zinazopingana bega kwa bega, ila haijaweza bado kuzipatanisha. Wakifika kumi na saba wengi wanasema, ah, inategemea niko na nani.

Sasa tazama tunachofanya sisi. Tunamchukua mtoto katikati ya vita hiyo, tunamwambia ajieleze kwa sentensi kumi zisizo na "inategemea", tunaiweka karatasi kwenye faili la ofisi, na miaka miwili baadaye akihama shule mwalimu mgeni anaisoma kama kichwa cha faili. Mpole. Mvivu wa hesabu. Hana marafiki. Mtu keshabadilishwa vikombe, sisi bado tunazidisha kwa 0.2.

Kwangu mimi, sentensi ya kijana kuhusu nafsi yake ni kipimo, tena cha siku moja, na kipimo bila tarehe na mahali tunakitupa, hata kiwe kizuri vipi. Nisingependa kuona fomu hizi zikiingizwa kwenye kompyuta za shule, na naona tunaelekea huko, bila safu ya tarehe, bila kuandikwa nani aliuliza, na bila siku ya kufutwa. Daftari la mlinzi lilikuwa na adabu kuliko mfumo wetu.

Na nani aliuliza si jambo dogo. Bibi yangu hakuwahi kumuuliza mtoto "wewe ni nani". Aliuliza "wewe wa kwa nani?" na jibu lilikuwa ukoo, kijiji, jina la babu. Utafiti mmoja wa 1997 uliupeleka mtihani ule ule wa mistari ishirini Kenya: wanafunzi wa chuo kikuu Nairobi walijieleza karibu sawa na wanafunzi wa Marekani, kwa tabia zao binafsi, ilhali Wamaasai na Wasamburu kwa sehemu kubwa walijitaja kwa nafasi zao katika jamii na makundi waliyomo. Swali lile lile, majibu tofauti kabisa, na hakuna aliyedanganya.

Nilimwambia binti aanze na tarehe. Akauliza tarehe inahusu nini, fomu haina nafasi yake. Nikamwambia pembeni, juu. Akaandika: "Jumamosi, saa kumi jioni, kwa Mjomba," tarehe ikafuata. Ya tano ikawa "Mimi ni mpole shuleni". Ya sita, "Mimi si mpole nyumbani". Nikamkumbusha mwalimu anataka zianze na "Mimi ni". Akafuta, akatafuna kalamu kidogo, akaandika upya: "Mimi ni mkali nyumbani, mama ni shahidi."

Dada akaomba kalamu atie sahihi.