Picha ya ubongo ikitoka safi ndo mtoto mzima?

Kuna ubishi mkubwa kuhusu MRI, yaani kipimo cha kupiga picha ya ubongo, wapo wanaosema mtoto akianza vitu visivyoeleweka kichwani kimbilia MRI kabla ya yote, na wapo wanaosema ni kuwamaliza watu hela tu. Mimi naupima ubishi huu kwa ugonjwa mmoja, SSPE, yaani kirusi cha surua kinachobaki kwenye ubongo wa mtoto aliyeshapona, kinatulia miaka, mara nyingi 6 mpaka 10, alafu kinaanza kuula ubongo taratibu.

Dalili zake ndo shida yenyewe, hakuna homa kali wala shingo kukakamaa. Mtoto aliyekuwa vizuri darasani anaanza kushuka, anasahau, anakuwa mkali au anajitenga, shuleni wanamwita mvivu na nyumbani anachapwa, yaani mtoto mgonjwa anachapwa, hii inaniuma sana. Baadaye mwili unaanza kustuka ghafla kila baada ya sekunde chache, kikombe kinamponyoka, anaanguka akitembea, ila akilala usingizi kule kustuka kunapungua au kunaisha kabisa. Wengine yanaanza macho, uoni unapotea kabla ya kitu kingine chochote, na watu wazima wachache wanaanza na kuchanganyikiwa akili. Familia ikikimbilia kwenye maombi au kisomo siwezi kuilaumu, maana hata hospitali wengine wanaambiwa ni kifafa au ni akili tu.

Wanaoitetea MRI wana hoja nzito. Uvimbe, jipu, TB ya ubongo, maji kujaa kichwani, vyote vinaweza kuanza hivihivi na vingine vinatibika, ukivipita umempoteza mtoto ambaye angepona. Na SSPE ikishasonga, picha inaonyesha madoa meupe hasa sehemu za nyuma za ubongo, kisha ubongo unasinyaa.

Ila miezi ya mwanzo picha inaweza kutoka safi kabisa, na hata madoa yakionekana, wingi wake haulingani na hali ya mtoto, kuna mwenye madoa machache na yuko hoi. Hapa ndo naiona hatari, kwasababu mzazi aliyeuza ng'ombe kulipia kipimo akisomewa ripoti kwamba hakuna tatizo anaamini kabisa, na dokta aliyebanwa na foleni naye anafunga faili. Wakati kinachoukamata ugonjwa huu mapema ni EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, ambayo inatoa mawimbi makubwa yanayojirudia kila sekunde kadhaa, pamoja na kupima kingamwili (kinga ambazo mwili unatengeneza) za surua kwenye maji ya uti wa mgongo. EEG kwa kawaida ni nafuu kuliko MRI. Sasa hicho cha kingamwili hospitali nyingi hazina, hilo lazima tulikubali.

Kwahiyo MRI ifanyike kama uwezo upo, lakini picha safi isifunge faili la mtoto anayestukastuka.

Kuna hoja nyingine nasikia, kwamba ugonjwa wenyewe hauponi sasa jibu la nini. Ni kweli hauponi, wengi wanafariki ndani ya miaka michache. Lakini dawa za isoprinosine na interferon kwa baadhi zinapunguza kasi, dawa ya carbamazepine inatuliza kustuka, na familia inaacha kuuza shamba kutafuta mchawi.

California, Marekani, walipofuatilia wagonjwa wa SSPE wa 1998 mpaka 2015 waliona watoto waliopata surua kabla ya mwaka mmoja hatari yao ya kupata SSPE ilikuwa kama 1 kati ya 609. Chanjo ya kwanza kwetu ni miezi 9, maana yake kichanga cha miezi 5 kinalindwa na waliochanjwa wanaomzunguka. Alafu kumbuka Kongo, mlipuko wa surua ulioanza 2019 uliua watu zaidi ya 6,000 na waliougua ni zaidi ya laki 3, wengi watoto wadogo, na waliopona ndo sasa wanafika umri wa SSPE kuanza. Mtoto wa hivyo akiletwa Goma, Kigoma au Bujumbura anaangusha vitu, aulizwe kwanza kama aliugua surua na akiwa na miezi mingapi, hilo swali halina bili.